Mchirizi Chini ya Bawa la Kushoto

Doa lenyewe lilikuwa dogo, la kusugua kwa kidole likaisha, na fundi alilisugua likaisha. Asubuhi ya pili akalikuta palepale, chini ya bawa la kushoto, refu kidogo kuliko jana.

Ndege ile ya plastiki ilienea kwenye sinia la chai. Dada yake ndiye aliyeiomba. "Kaka, watengenezee wapwa zako ndege ya baba yao. Lakini isiwe mpya kama ya dukani. Iwe imechoka vilevile kama alipokuwa akiirusha."

Na kwa kuzichakaza ndege ndogo, fundi hakuwa na mpinzani. Mchana alikagua ndege za kweli kiwanjani, jioni alizizeesha hizi sebuleni. Alinyunyiza chumvi kwenye rangi mbichi, akaipangusa ilipokauka, mwili ukatoka na mabaka ya jua. Akapaka masizi nyuma ya bomba la moshi. Akakwaruza rangi pale viatu vya shemeji yake vilipozoea kukanyaga. Kila alama aliikumbuka, akaiweka mahali pake. Moja tu hakuipaka.

Hiyo ikajipaka yenyewe.

Mwanzoni alijidanganya kwamba rangi haijakauka, akafuta kwa tapentaini. Siku ya nne akaona asichotaka kukiona: doa halikushuka kuelekea mezani kama kitu kinavyovuja. Lilinyooka kuelekea mkiani. Oili hunyooka hivyo pale tu ndege inaporuka na upepo unaisukuma nyuma. Na hii, Mungu wangu, ilikuwa imetulia tuli juu ya gazeti!

Kisha ikaja harufu ya oili iliyoungua, kwenye mto, kwenye chai, kwenye shati lililotoka kuanuliwa. Na nyuma ya harufu ukaja mngurumo, mdogo, wa kusikika ukibana pumzi, uliompokea mlangoni akitoka kazini, ukaendelea alipofungulia redio, ukaendelea alipofungulia bomba la maji, ukaendelea alipojifunika shuka gubigubi jua bado likiwaka dirishani, injini moja tu, ya kushoto, aliyoijua kama anavyokijua kikohozi cha mama yake.

Akaenda kwa mganga, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyepunga majini kwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa.

"Mwanaume mzima unakimbizwa na mdoli!" mganga akacheka. Akaishika mikono ya fundi, akainusa. Kicheko kikakatika.

"Ulifuta nini?" akanong'ona.

Fundi akaivuta mikono yake.

"Baba, jini huyu anakula kilichofichwa. Kila ukifuta, umempakulia. Mimi dawa yake sina. Nenda kwa mwenye haki, umwambie. Hapo atatoka."

Msimwonee huruma bado. Mwaka mmoja nyuma, abiria wameshapanda na shemeji yake anawahi, fundi aliuona mchirizi wa oili chini ya bawa la kushoto. Kuifungua injini kungekula asubuhi nzima. Akachomoa kitambaa mfukoni, akafuta, akaweka sahihi, akapunga mkono. Injini ikafia angani. Hakupona mtu. Alipoulizwa na wachunguzi, akaapa kwamba ndege iliondoka safi, na kweli iliondoka safi. Basi wakaandika kwamba rubani ndiye aliyekosea. Tangu siku hiyo dada yake akanyooshewa vidole sokoni, wapwa wakawa wanarudi kutoka shule wakilia, na mjomba mtu ndiye aliyewabembeleza. Aibu iliyoje!

Jumamosi adhuhuri dada yake akaja kuichukua ndege. Akaiinua kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga.

"Ni yenyewe, kaka. Yenyewe kabisa." Akaigeuza. "Na huu mchirizi?"

Mkono wa fundi ulikuwa umeshaingia mfukoni, umeshakishika kitambaa. Angesema ni rangi tu, na angeaminiwa, maana dada yake hakuwa na mwingine wa kumwamini. Akakichomoa, akakaa sakafuni nacho.

"Shemeji hakukosea," akasema. "Niliuona mchirizi huo asubuhi ile. Nikaufuta. Kwa mkono huu."

Dada yake hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Wanangu wanaitwa watoto wa muuaji," akasema polepole, "na wewe unawafuta machozi. Kwa kitambaa kipi, kaka? Kwa hicho?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Utayasema haya mbele ya wale walioandika?"

"Jumatatu. Nitasema yote."

Akaiweka ndege mezani, akamsogezea. "Sasa futa. Nataka nione ulivyofuta."

"Nakuomba..."

"Futa!"

Akafuta. Plastiki ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Doa likatoka lote, lisibaki hata kivuli, na ule mngurumo ukakohoa mara moja, ukakohoa tena, ukakatika. Jini ametoka, fundi akawaza, na kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Dada yake alikuwa ameinua uso, ametega sikio katika chumba kilichokuwa kimya kabisa.

"Kaka," akanong'ona, "mbona ile injini ya kushoto imezima?"