Namba Nne Chini ya Kiti

Kila asubuhi nyumbani kwetu mtaani Jericho, kabla chai haijachemka, familia nzima hushiriki ibada moja: kuitoa pikipiki sebuleni. Pikipiki ya Mama hulala ndani kwa sababu ikilala nje, inaweza kuamka ikiwa ya mtu mwingine. Mama hushika usukani, mimi husukuma kutoka nyuma, na dada yangu Amolo, mwenye miaka kumi, huinua pazia. Nyanya yetu, tunayemwita Dani, huketi kwenye kiti chake akitoa amri ambazo hakuna anayezifuata.

"Kulia! Nimesema kulia! Mtavunja kabati langu!"

Juma la kisa hiki nilikuwa nyumbani ingawa shule nyingine zilikuwa zikiendelea. Paa la bweni letu lilikuwa likirekebishwa. Mama aliniuliza mara kadhaa kama ni mimi niliyelitoboa. Si mimi. Hata hivyo, mtu aliyewahi kumvalisha mbuzi wa shule tai ya naibu wa mwalimu mkuu hawezi kushangaa akishukiwa.

Mama ni mwanabodaboda. Abiria wake wa kwanza kila siku alikuwa Tiffany, msichana wa gredi ya pili aliyevunjika mguu. Baba yake, Bwana Muriuki, hufanya kazi kiwandani Industrial Area na huondoka alfajiri, kwa hiyo Mama ndiye aliyempeleka shuleni. Kwenye barabara kuu pikipiki ilienda vizuri. Lakini ilipopunguza mwendo kwenye matuta ya mtaani, ilishtuka kama mtu mwenye kwikwi, na kila iliposhtuka, ule mguu wenye plasta uliruka na Tiffany akalia.

"Mama Willis," Bwana Muriuki alisema Jumapili baada ya ibada, "wewe nakuamini. Lakini mtoto anaumia. Kama haitakuwa imetulia kufikia Ijumaa, itabidi nitafute mtu wa gari."

Jioni hiyo Mama hakula.

Jumatatu tulienda wote kwa Bedan, fundi wa pale stejini, kituo cha bodaboda. Alifungua kiti cha pikipiki, akaunganisha kisanduku cheusi kidogo kwenye nyaya, kisha akatuhutubia kama mbunge.

"Injini yako ikienda polepole inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Ndiyo maana inashtuka. Kisanduku hiki kinaiambia kompyuta ya pikipiki iongeze petroli kidogo. Mnaona hiki kidude? Kinazunguka kama cha redio, namba moja hadi tisa. Namba ikipanda, petroli inaongezeka. Ikishuka, inapungua. Nimeweka nne. Tuache hapo, tuone."

Jumanne Tiffany aliimba kutoka mlangoni kwao hadi shuleni. Sauti yake ilikatika mara moja tu, kwenye tuta kubwa la karibu na kanisa. Mama alirudi akicheka.

"Bado hilo tuta la kanisani tu!" alitangaza.

Jumatano pikipiki ilinuka petroli, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, na ikazimika mbele ya kibanda cha mboga. Mama aliinua kiti. Kidude kilikuwa kwenye nane.

"Willis!"

"Sijakigusa, Mama."

"Nani mwingine analala kwenye kochi karibu na pikipiki?"

Hoja ilikuwa nzito. Hata mimi nilianza kujishuku. Mama alirudisha nne, na usiku ule nikahamishiwa jikoni, kando ya ndoo za maji.

Alhamisi asubuhi pikipiki ilishtuka kuliko ilivyowahi kushtuka. Tiffany alifika shuleni macho yamevimba. Kidude kilikuwa kwenye mbili. Mama akarudisha nne kwa mkono wake mwenyewe, akaegesha stejini, akamfuata Tiffany mchana, na lo! Moshi tena. Sita!

"Nilikuwa nyumbani nikifua!" nililia. "Uliza shati langu!"

"Willis," Mama alisema polepole, na hiyo ndiyo sauti ninayoiogopa zaidi. "Kesho ni Ijumaa. Hili si jambo la mbuzi na tai. Huyu ni mtoto mwenye mguu uliovunjika."

Ni ajabu kuwa mtukutu mashuhuri na kukosa kuaminiwa siku moja unayosema kweli. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kama ningekuwa Mama, nami ningemshuku Willis.

Basi nikarejelea elimu niliyoipata bwenini. Jioni, Mama alipoiingiza pikipiki sebuleni na kurudisha kidude kwenye nne, nilipaka rangi nyeusi ya viatu upande wa chini wa kidude, mahali ambapo jicho halifiki lakini kidole lazima kifike. Kisha nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba naenda kununua unga, na nikaenda kwa mwendo wa kobe.

Niliporudi, Bedan alikuwa amefika. Mama alikuwa amemwita aje kuangalia kisanduku chake. Ugali ukaiva, naye akakaribishwa mezani. Nilijitolea kunawisha watu mikono, jambo ambalo peke yake lingepaswa kuwatia hofu.

Nilianza na Dani, kama adabu inavyotaka. Maji yakageuka meusi.

"Dani," nilisema kwa upole wa kasisi, "umekuwa ukichimba makaa?"

Kabla hajajibu, Amolo alificha mikono nyuma ya sketi. Mama aliivuta mbele. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi tititi.

Mama aliinua kiti cha pikipiki. Kidude kilikuwa kwenye nne kamili.

"Sielewi," alisema. "Mmegusa, na hakijasogea?"

"Nilipandisha mpaka saba, na juzi pia nilipandisha," Amolo alisema, machozi yakimtoka. "Jumanne ulisema bado tuta la kanisani. Nikaona ikipewa petroli nyingi Tiffany hataumia kabisa."

"Nami nilishusha hatua tatu, na jana pia nilishusha," Dani alisema, akikitazama kidole chake kama si chake. "Petroli ni ghali. Nilitaka mwanangu asihangaike."

Mama aliketi sakafuni. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Basi nani aliyeweka sita mchana stejini?" aliuliza.

Macho yetu yakaenda kwa Bedan. Lakini mikono ya Bedan ni ya fundi. Ni myeusi tangu Januari hadi Desemba, na hakuna rangi ya viatu ambayo ingemnasa. Angeweza kunawa, kula ugali, na kwenda zake.

"Ni mimi, Mama Willis," alisema. "Nilisikia unalalamika, nikaogopa kwamba nne ilikuwa kosa langu. Nikaongeza wakati umeenda kununua maji, ili nisionekane nimekosea. Nisamehe."

Mama alinigeukia. "Na wewe unisamehe, Willis. Nilikuhukumu kwa ajili ya mbuzi."

"Mbuzi naye amekusamehe," nilijibu, lakini sauti yangu haikuwa na mzaha niliokusudia.

Baada ya chakula tulikizunguka kisanduku sote. Bedan akasogeza kidude hatua moja, akaitaja kwa sauti: "Tano. Hakigusi mtu mpaka Mama Willis aseme anaonaje."

Ijumaa Bwana Muriuki aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini ili ajionee mwenyewe. Tiffany alianza wimbo wake mlangoni. Pikipiki ikapita tuta la kwanza, la pili, ikafika lile la kanisani. Mimi, Amolo na Bwana Muriuki, tuliokuwa tukikimbia nyuma, tukasimama kusikiliza. Wimbo ulipanda tuta na kushuka upande wa pili bila kukatika.

"Haya," Bwana Muriuki alisema, akifuta jicho na kusingizia vumbi. "Sihitaji tena mtu wa gari."

Jioni Dani alituita mimi na Amolo. Kidole chake bado kilikuwa cheusi.

"Wajukuu, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tulimpenda Tiffany sote, na sote tukamuumiza. Ukisaidia kwa siri na mwingine akiharibu kwa siri, anayeendesha ataonaje tofauti? Ukitaka kusaidia, sema kwanza. Ukikosea, sema upesi, hata kama mikono yako haiwezi kukusaliti. Bedan amenifundisha hilo, mimi mkongwe."

Kisha akanyoosha kile kidole mbele ya pua yangu.

"Sasa, nyakwara wangu, mjukuu mtukufu, niambie kwa ukweli: rangi hii inatoka na nini?"

"Dani," nilisema, na nikaona aibu kwa kuwa ilikuwa kweli tupu, "sijui."

Akakishusha kile kidole. Kisha akaniamini.