Kitumbua cha Ziwa la Mama

Nyumba ya Rashidi pale Likombe haikuwa na ng'ombe wala mbuzi, na maziwa ya kopo yalinunuliwa akija mgeni wa heshima. Sasa niambieni, ile harufu ya maziwa yaliyochemka, nzito, tamu mpaka inakera, ilikuwa inatoka wapi kila adhuhuri?

Farida, mkewe Rashidi, ndiye aliyeisikia kwanza. Alikuwa bado ndani ya arobaini, na mtoto wake wa kwanza, Asadi, kifuani.

"Dada, unapika nini huko?" aliuliza kutoka chumbani.

"Vitumbua, mdogo wangu. Leo nimezidisha tui," Asia akajibu kutoka jikoni uani.

Tui! Mtu aliyezaliwa pwani asijue harufu ya nazi? Lakini Farida alinyamaza, maana Asia ni dada yake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Neno la Asia kwake lilikuwa limekwisha, halina mjadala.

Asia alikuwa amekuja kutoka kijijini, kule Ruvuma inakoingia baharini, mwaka ule wa mvua za Elinino, kuja kumtunza mzazi. Waume wawili walikuwa wamemwacha kwa kutozaa, na watu, kama mnavyowajua watu, hawakumwachia apumue. Kazi aliifanya, sina la kumsema hapo. Alifua nepi, alimkanda mzazi kwa maji ya moto, alipika. Na maziwa yalipomjaa Farida mpaka yanauma, aliyakamua kikombeni, Asia akakichukua kwenda kuyamwaga shinani mwa mgomba. Kwao maziwa ya mzazi hayamwagwi ardhini hovyo. Sisimizi wakiyaramba, ziwa hukauka. Nani angemfuata dada yake nyuma kuhakikisha kama mgombani anafika?

Basi ziwa likaanza kukauka. Asadi akawa ananyonya, analia, ananyonya tena, mashavu yanabonyea. Kliniki muuguzi akasema, "Mama, kula ushibe." Farida alikula mpaka akachoka. Mtoto akazidi kuwa mwepesi mkononi, na Rashidi akaacha kumnyanyua kwa kuogopa kuuhisi ule wepesi.

Siku moja jua likiwa utosini, Asadi amelala fofofo mapajani pa mama yake, Farida akasikia mtoto analia. Si wa jirani. Kilio kilitoka jikoni kwake, kichanga kabisa, chenye kukatika katikati. Na hapo, jamani, mwili wake mwenyewe ukamgeuka: matiti yaliyomnyima Asadi asubuhi nzima yakaanza kuchoma, maziwa yakachuruzika mpaka kiunoni, kwa ajili ya kilio cha mtoto ambaye hakumzaa.

Alimlaza Asadi, akaenda. Alinyata kando ya ukuta, mkono kifuani kuyazuia yale maziwa yasiyozuilika, na kadiri alivyosogea ndivyo ile harufu ilivyomjaa puani, na chini ya harufu ikawepo sauti ya kumung'unya, ya mdomo usio na meno, mpaka alipochungulia kwenye upenyo wa makuti akamwona dada yake amekaa mkekani na sahani ya vitumbua, anamega kipande, anakishusha usawa wa mapaja, na kile kipande kinaning'inia hewani, kinapungua, kinapungua, halafu hakipo.

"Kula, baba," Asia alikuwa ananong'ona. "Hiki ni cha ziwa la mama yako. Kula unenepe."

Farida hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Kikombe changu, dada."

Asia alishtuka, kisha uso ukatulia. "Nilimkuta mikokoni nikiokota chaza. Alikuwa analia, Farida. Kila mtu ananiita tasa, yeye akaniita mama mkubwa. Maziwa ya ng'ombe anatapika. Ningefanyaje?"

"Mwanangu anakauka! Unamwona kila siku, unamwogesha kwa mikono yako!"

"Wewe utazaa tena," Asia akasema, taratibu, kama anamweleza mtoto. "Mimi nimekulea. Kikombe tu unaninyima?"

Lahaula! Mtu unamwamini na roho ya mwanao, naye ameshapiga hesabu kwamba utapata mwingine. Farida alihisi kitu kimekatika ndani yake, na hakikuungika tena.

Kesho yake Rashidi, akiwa ameshasimuliwa yote na mkewe, alimleta Mwalimu Abdulrahmani kutoka Mikindani, mtu wa kikohozi na hasira za karibu, lakini majini walimwogopa. Alikaa jikoni, akafukiza ubani, akasoma. Makuti yakatikisika na hakuna upepo. Kutoka pembeni kwenye mafiga sauti ndogo ikaita, "Mama." Farida akalowa kifua.

Mwalimu akasimamisha kisomo. "Huyu amelishwa ziwa la nani?"

"La mdogo wangu," Asia akajibu, na msiniulize ile fahari aliitoa wapi. "Ameshiba. Zaidi ya mara tano ameshiba."

Mwalimu akafunga kitabu. "Basi mmenifunga mikono. Aliyeshiba ziwa mara tano, hata likiwa ndani ya chakula, ni mwana wa mwenye ziwa. Jini mgeni namfukuza. Mwana wa nyumba simfukuzi mimi. Mama mwenyewe amwachishe."

"Na Asadi?" Rashidi aliuliza kwa kunong'ona.

"Ziwa ni moja. Likifungwa, limefungwa kwa wote wawili. Mtafutieni mbuzi."

Farida hakutaka kusaidiwa. Alikamua yote yaliyobaki, akakoroga unga wa mchele, akatia shubiri, ile chungu inayopakwa ziwani mtoto akiachishwa, akachoma kitumbua kimoja. Akakishika mkononi, akasema, "Mwanangu usiye wangu, kuanzia leo sina ziwa lako," na mkono ukawa mzito, kitu chenye joto kikaegemea kiganja chake, kikauma, kikamung'unya, kikatema, kikalia, kilio kikapanda mpaka kwenye makuti, kikazunguka uani, kikarudi kikamgonga kifuani mara ya mwisho, na kifua hakikujibu. Kikatulia kikavu.

Kilio kikakatika. Mwalimu akasema alhamdulillahi. Rashidi akaangua kilio bila aibu.

Ndipo Asia aliposimama. Mbele ya kanga yake palikuwa na doa, likapanuka, yakawa mawili, maziwa yakamtiririka tumboni, kwa mwanamke ambaye hajawahi hata kuchelewa siku zake. Akajitazama. Akacheka kicheko cha furaha tupu, wallahi, furaha tupu, akakunja mkono kama wanavyowakunjia vichanga, akafungua kanga upande mmoja. Mwalimu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Asia alitoka kwa mlango wa uani. Hakumtazama Asadi, aliyekuwa analia njaa chumbani. Farida alimkimbilia mpaka njiani, kwa sababu hasira ni kitu kimoja na dada ni kitu kingine, akamwita, "Dada! Dada Asia! Usiniache hivi!"

Asia akageuza shingo, kidole mdomoni.

"Shii," akasema. "Utamwamsha mwanangu."