Ekzosi ya Kimya

Jumamosi asubuhi soko la Mwanakwerekwe halina adabu. Muuza ndizi anapiga kelele, muuza mitumba anamzidi, na mwenye spika ya kutangaza dawa ya mende amewashinda wote wawili. Katika zogo hilo hilo, pikipiki moja ilikuja ikasimama mbele ya duka la spea la Mzee Matar, ikitoa mlio wa debe linaloburutwa juu ya mawe, hata muuza ndizi akanyamaza kuitazama.

Nyuma ya kaunta alikuwepo Ulfat, binti pekee wa Mzee Matar. Mtandio wake ulikuwa wa rangi ya zabibu, mikono ya baibui ameikunja kidogo isishike grisi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kucheka kabla ya wenziwe.

"Kaka, hiyo pikipiki unaipanda au unaiburuta?"

Kijana alivua helmeti. Alikuwa mrefu, shati la buluu lina vumbi mabegani, na alipotabasamu alionekana kama mtu aliyekamatwa anaiba sukari.

"Dada, nisaidie kwanza, utanicheka baadaye. Chumvi ya Paje imeila ekzosi yangu, imebaki jina."

"Paje unafanya nini? Unarusha matiara na wazungu?"

"Wao wanarusha matiara, mie nawatengenezea viyoyozi. Naitwa Mbarouk."

"Sijakuuliza jina."

"Najua. Nimekuwekea, ukilihitaji."

Ulfat aliinama kutafuta ekzosi, na ukweli ni kwamba aliinama zaidi ili asionekane anavyocheka. Akapanga tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa mfano wa ile ya kiwandani, nyembamba, nyeusi. "Hii ya kimya. Ya mwalimu wa madrasa. Ukipita, hata paka hageuki." Ya pili fupi, mdomo wazi. "Hii ya watu wasio na kazi. Wiki moja tu, polisi wote watakujua kwa jina." Ya tatu ndefu, ya stenlesi, inang'aa. "Hii chumvi haiiwezi kwa haraka. Lakini ekzosi hainunuliwi kwa macho, baba yangu anasema. Isikilize."

Fundi Kificho, aliyekuwa na benchi lake nje ya duka, akazifunga moja baada ya moja, na kila alipowasha injini Ulfat alifumba macho. Kwa ile ya tatu alikaa amefumba kwa muda mrefu kidogo.

"Hii," alisema. "Inaunguruma kama mtu mzima anayevuta uradi."

"Basi nifungie hiyo hiyo. Na wewe unakaa wapi, nijue pa kuja kulalamika ikiharibika?"

"Kiponda. Lakini usije, baba mkali."

"Siji. Ntapita tu."

Na akapita. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, Ulfat alikuwa juu ghorofani anakunja nguo, akasikia ule muungurumo unaingia kichochoroni kutokea upande wa msikiti, ukapunguza mwendo chini ya dirisha, ukapanda mara moja, ukaenda zake. Ikawa hivyo kila siku Mbarouk akirudi kutoka Paje. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na kuta zake zinashika sauti, kwa hivyo mlio ule ulimfikia Ulfat kabla mwenyewe hajafika, na ulibaki naye hata alipokwisha kupita. Muda si muda simu hulia.

"Umenisikia?"

"Sijakusikia. Kuna gari la taka limepita hapa, labda limekufunika."

"Ulfat!"

"Naam."

"Sema kweli, habibty."

"Nshakusikia tangu uko msikitini, roho yangu. Na bibi wa nyumba ya pili naye keshakusikia, anauliza nani huyo anayetafuta mchumba kwa pikipiki."

"Mwambie keshampata. Anangoja wazee wake tu."

Hilo la wazee halikuwa la mzaha. Mbarouk alikwisha kumwambia mama yake aliyeko Matemwe, na posa ilikuwa iletwe baada ya mavuno ya mwani, mama akiwa na nafasi. Ulfat alianza kuchagua vitambaa kwa siri. Mtu akiwa na furaha hudhani dunia nzima imekaa kumngoja yeye.

Mzee Matar alianguka dukani siku ya Jumatano, akiwa na stuli ya mbao mkononi, na jioni ile ile alizikwa. Duka likafungwa. Nyumba ya Kiponda ikajaa wanawake, na Bi Mashavu, mama yake Ulfat, akaingia eda: nguo nyeupe, chumba cha juu, bila kutoka, mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Kaka wa marehemu, Ami Masoud, akaja kutoka Maskati kusimamia familia.

Ulfat alimpigia Mbarouk mara moja tu, amejificha jikoni nyuma ya mlango.

"Usinipigie tena mpaka mama atoke eda. Simu haikai mkononi mwangu hapa, mashangazi wanaipokea wao."

"Hata ujumbe?"

"Hata ujumbe. Kaburi la baba bado bichi, Mbarouk. Wataniona sina haya."

"Haya, mpenzi wangu. Na nikishindwa je?"

"Pita," alisema Ulfat, akakata simu kwa sababu mtu alikuwa anaingia kuchukua maji.

Siku ya hitima alipita. Wanawake wamekaa chini kwenye majamvi, misahafu mikononi, na mlio ule ukaingia kichochoroni ukajaa chumba kizima. Shangazi mmoja akanyanyua kichwa. "Nani huyo asiye na heshima?" Ulfat aliinamisha uso. Nusu yake iliona aibu, na nusu ya pili ilifarijika kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe.

Kesho yake hakusikia kitu. Wala kesho kutwa.

Kila alasiri alikaa jamvini pembeni ya mama yake, mgongo ukutani chini ya dirisha. Kuchungulia asingeweza. Msichana aliyefiwa na baba akionekana dirishani anaangalia njia, habari zake zitafika mtaa wa Malindi kabla ya magharibi. Kwa hivyo alisikiliza. Alijifunza kujua pikipiki ya muuza mikate na ya muuza gesi, na vespa ya daktari wa meno, na zile nyingine za kimya zinazopita bila ya mtu kuzitia maanani. Ya Mbarouk haikuwemo. Mwanzo alisema anaumwa. Halafu akasema labda lile neno la shangazi limemfikia, amekasirika. Mwisho akasema amechoka kungoja, na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kweli yeye ndiye aliyemkataza asipige simu, lakini kila usiku alitamani akaidiwe.

Eda ilikuwa imebakiwa na wiki chache Ami Masoud alipopanda juu. Alikaa kwa adabu karibu na mlango. Alikuwa mtu mpole, na tangu kaka yake afe, yeye ndiye walii wa Ulfat, mwenye haki ya kumwoza.

"Mama," alimwambia Ulfat, maana alimwita hivyo tangu utotoni, "kuna posa. Kheir, mtoto wa rafiki yangu, ana duka la nguo Darajani. Kijana wa sala, hana maneno na watu. Mimi narudi Maskati, na nisingependa kukuacheni hivi hivi, wanawake wawili. Lakini sikuozi bila ya ridhaa yako. Kama humtaki, sema sasa hivi. Sitakasirika, wala mama yako hatakasirika."

Bi Mashavu alimtazama mwanawe.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Ulfat. Alitaka kusema kuna mtu. Lakini mtu gani huyo, ambaye hata kichochoro kimemshinda kupita? Alasiri ilikwisha kusaliwa, magharibi haiko mbali, na huu ndio ulikuwa wakati wa Mbarouk kupita. Ulfat akajiambia: akipita leo, nasema. Akatega sikio. Chini palipita watoto wa chuoni. Palipita baiskeli. Palipita pikipiki moja pole pole, ya kimya, ya mwalimu wa madrasa, nayo ikaenda zake. Ami alingoja. Ulfat naye alingoja, mpaka akasikia adhana ya magharibi inaanza.

"Alhamdulillahi," alisema Ami Masoud, akainuka. "Mtoto wa kike akinyamaza, keshakubali."

Bi Mashavu alimkumbatia akalia, na Ulfat akamwacha alie, yeye machozi yasimtoke.

Eda ilikwisha katikati ya wiki. Ijumaa, baada ya sala, ndoa ikafungwa msikitini bila ya ngoma wala shamrashamra, kwa sababu nyumba ilikuwa bado na majonzi. Bi harusi hatoki, hilo kila mtu analijua, lakini Jumamosi asubuhi Ulfat alimwomba ami yake ruhusa ya nusu saa tu, akaliage duka la baba yake kabla hajapelekwa kwa mume. Ami Masoud akamleta mwenyewe, akamwacha afungue, akaenda maskani ya jirani kuzungumza na watu.

Alikuwa anafuta vumbi juu ya kaunta alipoambiwa, "Assalaam alaykum, mwenye duka."

Aligeuka. Mbarouk alikuwa amesimama mlangoni, kanzu nyeupe, kofia ya viua, anatabasamu uso mzima.

"Umekuja na nini?" aliuliza Ulfat. Hakujua kwa nini hilo ndilo lililomtoka. "Sijasikia kitu."

"Na pikipiki, na nini tena? Ile pale. Nimepita nikaona duka liko wazi."

Ilikuwa ni ile ile. Lakini ekzosi ya stenlesi haikuwepo. Chini yake palining'inia nyingine, nyembamba, nyeusi.

"Ile yako iko nyumbani, nimeizungushia gunia," alisema Mbarouk. "Siku ya hitima nilipita, nikasikia Qur'ani juu. Wallahi Ulfat, niliona haya. Mama wa watu yuko eda, mie naunguruma chini ya dirisha kama nimerukwa na akili. Asubuhi yake nikenda duka jingine nikachagua hii peke yangu. Nikasema, Ulfat akiiona atanicheka. Lakini sikuacha kupita, hata siku moja! Dirisha naliona limerudishwa nusu, najua uko nyuma yake unaniona. Hilo lilinitosha." Akavuta pumzi. "Sikukupigia, kama ulivyoniambia. Nimehesabu mwenyewe mpaka eda imekwisha. Kesho mama anakuja na wazee kutoka Matemwe. Nyamaza hivyo hivyo, usinijibu, nakuona ushafurahi."

Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya Ulfat, iliyopakwa hina mpaka juu.

"Hina hiyo! Harusi ya nani?"

"Yangu."

Mbarouk aliendelea kutabasamu kidogo, kama ambaye habari haijamfika.

"Jana, baada ya Ijumaa," alisema Ulfat. "Ami kanioza. Mimi ni mke wa mtu, Mbarouk."

"Wamekulazimisha."

"Hapana. Ami kaniuliza kwa wema. Kaniambia kama sitaki niseme."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

Mbarouk alizaliwa Matemwe, hakuhitaji kuelezwa maana ya kunyamaza huko. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Basi nambie kitu kimoja tu. Mie nilikuwa napita. Ulikuwa unaniona, au hunioni?"

Ulfat aliliona jibu la kweli na kila kitakacholifuata. Mbarouk angejua kuwa ile heshima aliyomwekea mjane ndiyo iliyowatenganisha. Angejilaumu kila atakapowasha pikipiki, mpaka uzeeni. Na asingeondoka hapa. Angekwenda kwa ami, angekwenda kwa kadhi, na Kheir, ambaye hakumkosea mtu, angefedheheka na ndoa ya siku moja. Alimpenda Mbarouk, alimpenda sasa kuliko siku zote, na akaona bora achukiwe.

"Nilikuwa nakuona," alisema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ulipoulizwa, bado ukanyamaza."

"Bado nikanyamaza."

Mbarouk alivua kofia yake ya viua, akaikunja akaitia mfukoni, akachukua helmeti.

"Basi nilikuwa mjinga mie," alisema taratibu. "Hongera, bi harusi."

"Mbarouk, mama yako…"

"Ntampigia asije."

Alitoka. Ulfat hakumfuata mlangoni. Aliposikia watu wa sokoni wanampisha njia, aliushusha mlango wa duka mpaka chini, akakaa sakafuni katikati ya maboksi ya baba yake, akalia kwa kujifunika mtandio mdomoni ami yake asisikie. Alilia mpaka akamaliza, kwa sababu alijua huko anakopelekwa hatakuwa na ruhusa ya kulilia jambo hili.