Dawa Iliyovutwa na Dirisha

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama haijaanza kulia, Filimbi alikuwa na kazi moja: kuvuta dawa ya pumu kutoka kwenye inhela ya kahawia, kile kichupa cha kupulizia dawa mdomoni. Jina la Filimbi alipewa na shangazi yake, kwa sababu tangu utotoni kifua chake kilipenda kupiga mluzi.

"Sijasikia!" mama aliita kutoka chumba cha kushonea.

Psss!

"Haya, vaa viatu."

Mama hakujua kwamba dawa ile ilikuwa ikiishia dirishani. Rafiki wa dawati moja alikuwa amemwambia Filimbi, "Ukizoea dawa kila siku, mapafu yatakuwa mavivu." Filimbi aliogopa, na kwa kuwa siku hizo alijiona mzima, akaamua kulipulizia dirisha. Namba ya dozi zilizobaki, iliyo nyuma ya inhela, ilipungua kila siku, ushahidi safi kabisa.

Wiki ya saba ya mchezo huo alianza kuamka akikohoa. Alhamisi, katika mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti, pumzi ilimkata katikati ya uwanja. Alikaa chini, mabega yakipanda na kushuka, asiweze kutamka neno. Mwalimu wa michezo alimvutisha inhela ya bluu, ile ya dharura, mpaka akatulia. Kisha akampigia mama simu.

Kule zahanati, tabibu aliisoma ile namba, akatikisa kichwa.

"Mama, dozi za kila siku zote zimetumika. Basi dawa hii imeshindwa. Itabidi nimpe yenye nguvu zaidi, nimwanzishie na vidonge. Mbio asahau kwanza."

Mama aliinama, akafuta machozi kwa kiganja. Filimbi alimtazama. Akinyamaza, atameza vidonge asivyovihitaji, na mama ataendelea kulia bure.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "dawa haijashindwa. Nilikuwa naipulizia dirishani."

Mama alimkodolea macho. Kisha, badala ya kugomba, alishusha pumzi ndefu.

"Kumbe! Na mimi nimetega masikio yote mawili kila asubuhi!"

Tabibu alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Basi dirisha lenu halitaugua pumu maisha."

Vidonge vikarudi kabatini. Tabibu alimfundisha upya: toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, bana pumzi mpaka uhesabu kumi, kisha sukutua mdomo.

"Na mapafu hayatakuwa mavivu?" Filimbi aliuliza.

"Hata kidogo. Ya bluu inakuokoa ukibanwa. Ya kahawia inakukinga usibanwe, kwa hiyo unaivuta hata siku unayojiona mzima."

Baada ya mwezi mmoja walirudi. Tabibu aliweka kipimo chake cha kusikilizia kifua mgongoni kwa Filimbi, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto. Hakuna mluzi.

"Kakimbie," alisema.

Filimbi aliruka kwa furaha. Mama alicheka. "Shangazi yako atafute jina jingine sasa."

Walipofika mlangoni, tabibu alimwita. "Mwanangu, mimi hutibu kwa kufuata ninachoambiwa. Siku ile ungenyamaza, ningemtibu mtoto mwingine kabisa, yule anayevuta dawa yake kila siku, na wewe ungebaki unaumwa. Ukija kwangu, njoo na ukweli wako kwanza."

"Nitakuja nao, daktari," Filimbi aliitikia, akavuta pumzi ndefu isiyo na mluzi.