Pasi Iliyotoka Ng'ambo

Dobi alikuwa na meza ndefu, kamba tatu za kuanikia na wateja wengi. Kilichomsumbua ni pasi. Ilikuwa imezeeka. Ikiamua kupoa, inapoa, hata uibembeleze vipi.

Asubuhi moja alimwita mkewe. "Mama Pacha, njoo uone kwenye simu. Pasi ya mvuke kutoka ng'ambo. Bei ya kutupa!"

"Muuzaji ni nani?"

"Yumo kwenye duka kubwa la mtandaoni. Ila ananiambia nisilipe dukani. Nimtumie yeye mwenyewe, atanipunguzia."

"Na anwani yake unaijua?"

"Aa, mke wangu! Wewe kila kitu unakitilia shaka."

Akalipa. Akasubiri wiki sita. Mzigo ulipofika, akaambiwa alipe kwanza ushuru wa forodha. Hakuutarajia. Akakuna kichwa, akalipa. Pasi yenyewe iling'aa kama kioo. Akaichomeka, akaanza na koti jeusi la bwana harusi.

Mara harufu kali ikajaa chumbani. Moshi! Mama Pacha akarukia swichi ya ukutani, akazima. Watoto wao wakatoka nje wakikohoa. Mgongoni mwa koti palikuwa na tundu lenye umbo la pasi.

Dobi alilikunja koti lile. Alikwenda mwenyewe kwa bwana harusi, akaeleza, akaomba radhi. Kijana wa watu akaoa kavaa koti la mjomba wake, limempwaya mabegani. Dobi alitamani ardhi ipasuke.

Akamwandikia muuzaji. Akaandika tena. Kumbe muuzaji ameshamfungia, ujumbe hauendi.

Jirani yao, fundi wa umeme, aliigeuza pasi juu chini. "Soma hapa, kaka."

"Volti 110."

"Na umeme wetu ni 240. Umeinywesha zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Ungeweza kuichoma nyumba."

"Duka halitanirudishia pesa?"

"Kwani uliwalipa wao?"

"Hapana. Nilimtumia muuzaji mwenyewe."

"Hapo ndipo alipokunasa," fundi alisema kwa upole. "Ukilipa kupitia duka, duka lina kumbukumbu, unaweza kudai. Ukimtumia mtu pembeni, umeagana na pesa yako. Halafu usome waliokwishanunua wanasemaje. Uliza volti. Uliza ikiharibika inarudishwaje, na nauli analipa nani. Ushuru, ulizia forodha kabla hujaagiza. Muuzaji asiyejibu, mwachie pasi yake."

Baada ya miezi michache dobi aliagiza tena, mkewe kaketi ubavuni. Waliuliza wauzaji watatu. Wawili walikwepa swali la volti. Wa tatu alijibu yote. Wakalipa kupitia duka, wakahifadhi mazungumzo.

Mzigo ulipofika, Mama Pacha alirekodi video ukifunguliwa. Volti zilikuwa sawa. Lakini tangi la maji lilikuwa na ufa.

"Yale yale tena!" dobi alilalamika.

"Si yale yale. Safari hii tuna ushahidi."

Mama Pacha akatuma video dukani saa ile ile. Wiki ya tatu likaja tangi jipya, bila malipo. Fundi akaikagua pasi, akaridhika. Mashuka yakaanza kunyooka kama karatasi.

Mteja mmoja akavutiwa. "Dobi, na mimi niagizie kama hiyo."

"Mwone Mama Pacha," dobi akajibu, akicheka. "Mimi nanyoosha tu. Anayejua kununua ni yeye."