Maboksi Katika Chumba cha Bridie

Mvua ilinyesha usiku kucha mjini Mackay, mji wa wakulima wa miwa. Asubuhi Bridie aliingia jikoni akiburuta blanketi. Blanketi lilikuwa linachuruzika maji.

"Tena?" aliuliza baba yake, Graeme Hobley. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate kabla ya kwenda kazini.

"Tena," Bridie alisema. "Leo hata mto wangu umeoga."

Graeme alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Msimu wa miwa aliendesha garimoshi la miwa. Msimu wa mvua alikarabati mabehewa. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, na mwenye kichwa kigumu kama chuma cha reli.

Bridie alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilala kwenye baraza ya nyuma. Baraza ilizibwa kwa vipande vya vioo vya kufungua na kufunga, lakini baadhi ya vioo vilikwama wazi. Mvua ikija na upepo, kitanda cha Bridie kilikuwa cha kwanza kuipokea.

Wala si kwamba nyumba haikuwa na chumba. Kilikuwapo chumba kizuri, chenye dirisha la kutazama mashamba ya miwa. Lakini chumba hicho kilikuwa na wapangaji wasiolipa kodi. Wapangaji hao walikuwa maboksi.

Yalijaa kutoka sakafuni hadi darini. Ndani yake mlikuwa na roboti, wanasesere, magari na michezo ya video. Yote yalikuwa mapya. Hakuna hata moja lililofunguliwa. Graeme aliyanunua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kila boksi alilizungushia nailoni ya kufunikia chakula, mara tatu, akaibana kwa utepe wa gundi.

"Ile ni akiba yako, Bridie," alipenda kusema. "Ukiwa mkubwa utanishukuru."

Kisa chake kilikuwa hiki. Alipokuwa mtoto, Graeme alikuwa na lori jekundu la bati. Alilifunga kamba akalivuta kila mahali, hata kwenye mitaro ya shamba. Siku moja mama yake alipanga vitu vya zamani mbele ya nyumba ili viuzwe. Lori likaenda kwa senti hamsini. Graeme alilia sana. Baadaye, akiwa mtu mzima, aliona lori kama lile kwenye gazeti. Lilikuwa ndani ya boksi lake, na limeuzwa kwa bei ya kununulia pikipiki. Tangu hapo aliapa kwamba hatafungua boksi tena maishani.

Mkewe, Leanne, alikamua blanketi kwenye sinki. Alikuwa amechoka na blanketi hilo.

"Graeme," alisema, "wewe unasema yale maboksi ni akiba?"

"Akiba kabisa."

"Basi toa kidogo. Uza moja tu, tutengeneze vioo vya baraza."

Graeme aliweka kisu cha siagi mezani.

"Sawa," alisema hatimaye. "Jumapili nitampelekea Rita. Nitampelekea lililo bora kuliko yote. Mtashangaa nyinyi!"

Rita Zammit alikuwa jirani yao. Wazee wake walitoka Malta kuja kulima miwa. Yeye hakupenda miwa hata kidogo. Alipenda mashine za gemu. Alizitengeneza nyumbani, na kila mwezi aliuza gemu na vitu vya kuchezea vya zamani sokoni, kwenye ukumbi wa viwanja vya maonyesho.

Jumapili Graeme alifika sokoni na Bridie. Ukumbi ulinukia soseji na vitunguu. Graeme alikumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Hee, jirani!" Rita alisema. "Umeniletea maiti iliyovikwa sanda?"

"Cheka tu," Graeme alisema. "Hii ni roboti inayoongea. Toleo maalumu la wakusanyaji. Ina miaka kumi na moja, na haijafunguliwa!"

"Naweza kuivua hii nailoni?"

"Taratibu, Rita. Taratibu, tafadhali."

Rita alikata nailoni kwa wembe. Harufu ya ukungu ikatoka. Bridie akaziba pua. Kona za boksi zilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na zilikuwa na madoa meusi. Roboti ilionekana kupitia dirisha la plastiki. Kifuani palikuwa na unga wa kijani.

"Ah, pole," Rita alisema. "Betri zimetapika."

"Betri gani? Mimi sikuweka betri!"

"Kiwanda kiliweka. Za kujaribia dukani. Unabonyeza kifua, inaongea, mtoto anamsumbua mzazi mpaka anunue. Betri zikikaa miaka mingi huvuja. Maji yake hula nyaya."

"Lakini haijafunguliwa!"

"Ndiyo maana imekufa, Graeme. Hakuna aliyefungua akazitoa. Halafu ukaibana kwa nailoni, kwa joto na unyevu huu wetu. Jasho lilikosa pa kutokea."

Graeme alikaa kwenye kiti cha kukunja. Alihisi aibu, na moyo ulimuuma. Alitoa simu yake akaisogeza mbele ya macho ya Rita.

"Haya, hii imeharibika. Lakini ninazo nyingine. Tazama! Huyu mtu anauza roboti kama hii dola mia tisa."

"Anaomba dola mia tisa," Rita alisema. "Kuomba si kuuza. Hata mimi naweza kuombea mia tisa hizi ndala zangu."

Bridie alicheka. Graeme hakucheka.

"Bonyeza hapa," Rita aliendelea. "Chagua vitu vilivyokwisha kuuzwa tu. Usitazame bei ya ndoto, tazama bei iliyolipwa. Unaona nini?"

Graeme alisogeza macho kwenye kioo cha simu. Akasoma mara mbili.

"Dola thelathini," alisema polepole. "Mimi niliinunua sabini."

"Na wauzaji wamejaa tele. Wote wameandika neno lile lile. Haijafunguliwa."

"Sasa kwa nini lile lori langu lilipanda bei namna ile?" Sauti ya Graeme ilikuwa ya mtoto aliyeonewa. "Kama mama asingeliuza, leo..."

Rita alipandisha miwani yake kwenye nywele.

"Sikiliza, jirani. Lori lile lilikuwa ghali kwa sababu akina mama wote walifanya kama mama yako. Waliuza, wakagawa, wakatupa. Watoto nao waliyavunja. Yakabaki machache mno. Roboti yako ilitengenezwa ili iwekwe. Kila aliyeinunua ameifungia chumbani kama wewe. Kitu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuwa adimu."

Miaka yote Graeme alikuwa na kinyongo kidogo na mama yake. Sasa kinyongo hicho kilikosa pa kukaa. Alijisikia mjinga, lakini pia alijisikia mwepesi.

"Kwa hiyo vitu hivi havina thamani?" Bridie aliuliza. "Mbona wewe unauza, Anti Rita?"

"Vingine vinayo, mpenzi." Rita alichukua kaseti ya gemu ya zamani, ikiwa na boksi lake na kitabu chake cha maelezo. "Hii itaondoka leo. Wengi walikuwa na kaseti, lakini boksi na kitabu walitupa. Hii imekamilika, ni safi, inafanya kazi, na si ya bandia. Tena waliokuwa wakiicheza utotoni sasa ni watu wazima wenye mishahara. Wanataka kurudishiwa utoto wao."

"Na itaendelea kupanda?"

"Hakuna ajuaye. Ona hivi vigarimoshi." Alionyesha boksi chini ya meza. "Zamani wazee walivigombania. Wazee wale wametutoka wengi, na vijana hawaviulizi. Nimevibeba kuja hapa mpaka vimenizoea."

Jioni ile Rita alikuja nyumbani kwa akina Hobley na sahani ya sambusa za jibini. Wote wanne waliingia chumbani. Walivua nailoni, wakafungua madirisha. Maboksi yaliyoota ukungu waliyatenga. Betri walizitoa, wakaziweka kwenye mtungi wa kupeleka zinakokusanywa betri chakavu. Yaliyobaki mazima yalikuwa ya bei ya kawaida tu. Graeme aliguna kila boksi lilipotajiwa bei, kama mtu anayechomwa sindano.

Leanne alitoka kidogo, akarudi na kopo la biskuti. Lilikaa juu ya kabati la mashuka, katikati ya nyumba, mahali pakavu pasipo na jua.

"Na hizi za kwangu?" aliuliza. "Ni gemu nilizocheza nikiwa msichana."

Rita alifungua kopo. Zilikuwamo kaseti nne, kila moja na kitabu chake. Akapiga mluzi.

"Leanne! Umezificha wapi hizi?"

"Sikuzificha. Nilizipenda tu."

"Kopo hili lina thamani kuliko ukuta huu mzima," Rita alisema.

Graeme mwenyewe akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaegemea maboksi yake, na maboksi yakaanguka.

Leanne aliuza kaseti mbili kupitia kwa Rita. Mbili alikataa kuziuza, kwa sababu bado alikuwa anazicheza. Pesa zilitosha kutengeneza vioo vya baraza. Maboksi mazima yaliuzwa kidogo kidogo, kwa bei iliyolipwa, si kwa bei ya ndoto. Graeme hakutajirika. Alizipeleka pesa hizo benki, kwenye akaunti yenye jina la Bridie. Vichezeo vingine walivifungua wakawapa watoto wa mtaani kwao. Kwa mara ya kwanza vikachafuka. Chumba kilipopata nafasi, Bridie alihamishia kitanda chake humo.

Graeme hakuacha kukusanya. Alijifunza kukusanya. Alijiwekea rafu moja sebuleni, mbali na dirisha. Hakubana kitu kwa nailoni tena. Kila kitu alikitoa betri, akakipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kabla ya kununua alijiuliza: kama hiki kitakuwa bure kabisa kesho, bado nitafurahi kuwa nacho? Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, na alirudi nyumbani mikono mitupu, akipiga mluzi.

Siku moja alikwenda tena sokoni na Bridie. Chini ya meza ya mzee mmoja aliona kitu chekundu. Akainama. Lilikuwa lori la bati. Halikuwa na boksi. Rangi ilikuwa imebanduka, na gurudumu moja lilikuwa limepinda. Graeme alilishika kwa mikono miwili, na machozi yakamlengalenga.

"Dola tano," mzee alisema. "Limechoka hilo."

Graeme alilipa bila kuomba apunguziwe.

"Baba," Bridie alimwuliza, "litapanda bei hilo?"

"Halitapanda hata senti."

"Sasa umelinunulia nini?"

Graeme alitafuta kamba, akaifunga mbele ya lori, akaliweka chini. Akalivuta katikati ya ukumbi, kupita foleni ya soseji, na watu wazima wakampisha njia. Gurudumu lililopinda lilipiga kelele safari nzima. Bridie alitembea nyuma yake, kwanza kwa aibu, baadaye akiomba zamu yake.

Usiku ule mvua kubwa ilirudi Mackay. Ilipiga mabati mpaka alfajiri. Asubuhi Graeme alikuwa jikoni anapaka siagi kwenye mkate. Alisubiri kusikia blanketi likiburutwa, kwa mazoea. Bridie alichelewa kuamka. Alitoka chumbani kwake akipiga miayo, nywele zimesimama, blanketi kavu mabegani.

"Umelalaje na mvua ile?" Graeme aliuliza.

Bridie alimtazama kwa mshangao.

"Kwani ilinyesha?"