Nilifuta Sauti ya Kaka Yangu, Nikaimba Mahali Pake

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, fundi wa radio hapa Mususa, Butembo. Ninaandika kwa sababu nilifanya kosa, nikalificha, na kulificha kukawa kubaya kuliko kosa lenyewe…

Kaka yangu Paluku alikuwa mwimbaji wa kanisa letu. Alifariki kwa ugonjwa wakati mke wake, Kavira, ana mimba. Kavira alirudi kwao Bungulu, huko Beni, akazaa binti, Masika. Mtoto huyo hakumwona baba yake hata siku moja.

Mwaka huu Masika akapata mchumba. Akaniomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya baba yake siku ya harusi. Nilikuwa na kaseti moja ambamo Paluku aliimba peke yake. Tuliirekodi kwa mashine ya piste nne, yaani njia nne za sauti kwenye kaseti moja: ngoma kwenye piste yake, gitaa la Paluku kwenye yake, sauti yake kwenye ya tatu, na waitikiaji kwenye ya nne. Nikaahidi kuihamishia kwenye ordinateri, yaani kompyuta yangu, na kuichanganya upya. Nilijisifu hata kanisani!

Lo, mashine ile ilinitesa! Mpira wake wa kuzungusha kaseti ulikuwa umelegea, wimbo ukawa unavutika kama mlevi. Nikabadilisha mpira. Umeme ukakatika. Nikaanza tena. Ordinateri yangu inapokea piste mbili tu kwa mara moja, basi nikahamisha ngoma na gitaa kwanza, kisha sauti na waitikiaji. Nilipoziweka pamoja, hazikukutana. Paluku alianza vizuri, mais kufika ubeti wa pili alikuwa nyuma ya gitaa lake mwenyewe! Siku tatu nikavuta huku na huku… bure.

Kwa hasira nikaifuta ile sauti kwenye ordinateri ili niihamishe upya. Hapo ndipo nilipopotea. Kwa mazoea ya zamani, mkono wangu ulibonyeza pia kitufe chekundu cha kurekodi kwenye mashine, na swichi ya kurekodi ya piste ya tatu, ile ya sauti yake, ilikuwa imebaki wazi, basi mashine ikarekodi ukimya juu yake. Nikatoka kumhudumia mteja. Niliporudi, wimbo ulikuwa umefika mwisho. Niliurudisha mara nyingi. Ngoma ipo, gitaa lipo, waitikiaji wapo. Kaka yangu, hakuna.

Ningemwambia nini mtoto yule? Niliona haya. Watu walizoea kusema sauti yangu na ya Paluku ni moja. Nikafunga mlango, nikaimba mahali pake, nikaongeza mkwaruzo kidogo ili isikike ya zamani. Nikaituma Beni kwa simu.

Masika alinipigia akilia kwa furaha. Alisema anaisikiliza kila asubuhi akipika chai. Siku ya harusi wakaipiga, watu wakajifuta machozi, mimi nikiangalia viatu vyangu.

Kavira hakulia. Aliniita nyuma ya jikoni, akaniambia polepole: "Shemeji, ule hapana Paluku. Paluku alikuwa anavuta pumuzi mbele ya kila jina ya Mungu."

Nikakiri. Nikamsihi tumwache mtoto na furaha yake. Akakataa.

"Ungemupatia gitare tupu," akasema. "Ile ni mikono yake, ingemutosha. Utamwambia weye mwenyewe."

Nilichelewa wiki nne. Kila Jumapili nilipata sababu: mvua, barabara, kazi… Mwishowe nikaenda Bungulu, nikamwambia Masika mbele ya mume wake. Hakunitukana. Aliuliza tu:

"Donc, baba mudogo, sauti ya papa sijaisikiaka hata siku moja?"

Nikajibu hapana, hujaisikia. Akachukua simu, akaufuta wimbo nikimwona, akarudi kuchambua maharage yake. Hadi leo nikipiga simu, anayepokea ni mume wake.

Wasomaji wenzangu, kama una kaseti za marehemu, kabla ya kuzigusa vunja kile kidude cha plastiki kinachoruhusu kurekodi, na usifute nakala ya kwanza hata kama ni mbaya. Mais hilo ni la mafundi. La watu wote ni hili: ukiharibu kitu cha mwenzako, mwambie siku ile ile, akukasirikie kwa kosa lenyewe. Nawasihi, msipite njia yangu! Masika angelia kwa ajili ya kaseti, akanyamaza. Sasa analia kwa sababu sauti ya baba aliyoipenda kila asubuhi ilikuwa yangu.